Kitanda cha mgonjwa wa Mtambile: kimo kwanza, mota baadae

Nataka nikieleze kisa hichi kwa urefu, maana kila msimu wa karafuu ukipita naulizwa suala lile lile, kitanda gani cha kupandisha na kushusha ninunue kwa mgonjwa wangu nyumbani, na watu wanataka jibu la mstari mmoja. Jibu la mstari mmoja linaishia kwenye kitanda cha gharama ambacho mgonjwa analala tu kama alivyokuwa akilala kwenye kile cha zamani. Mie kazi yangu ni mazoezi ya viungo hapa Pemba, wagonjwa wengi nawafuata majumbani kwao, na familia hii imeniruhusu niandike bila ya majina.

Mgonjwa ni mwanamme wa miaka 43, mchumaji wa karafuu tokea yuko mdogo. Anaeujua mkarafuu anajua tawi lake linakatika ghafla, halipindi kwanza likakupa habari, na mti ukiwa mkongwe mtu yuko juu mita kumi na zaidi. Tawi lilikatika, akaja chini kwa mgongo, uti ukavunjika pale mbavu zinapoishia. Alitibiwa, akakaa spitali, alafu akarudi nyumbani upande wa Mtambile na miguu isiyotembea wala isiyohisi chochote. Lakini kutoka kiunoni kwenda juu ni mzima kabisa, mapafu mazima, anameza vizuri, na mikono ni ile ile iliyokuwa ikimpandisha juu ya mikarafuu. Naomba msomaji alishike hilo la mikono na mapafu, ndo lililoamua kitanda.

Nyumbani alilazwa kwenye kitanda chao cha harusi, cha mbao, vitakizo vya nakshi, kizuri na mke wake anakipenda. Nikatoa futi kamba nikapima kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, sentimita 41, na godoro lenyewe la sponji lilishabonyea katikati. Kigari chake cha maringi pamoja na mto wa kukalia kilikuwa sentimita 55. Kwaiyo kila akitaka kutoka kitandani inabidi ajipandishe sentimita 14 kwa mikono mitupu huku miguu inaning'inia, hawezi, basi mke anamshika kwapani, mtoto wao wa miaka 16 anashika magoti, wanamburura. Na kumburura mtu asiehisi ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani, ngozi ya tako inashikwa na shuka inabaki pale pale, mfupa ndani unakwenda mbele, mishipa midogo ya damu iliyo katikati inavutwa mpaka inafunga, na yeye hana habari maana hakuna maumivu ya kumwambia.

Nilipomgeuza ubavu nikakuta ngozi ya kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa uti, imeshaanza kuharibika. Hapa niseme jambo ambalo wauguzaji wengi hawaambiwi, vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwaiyo usisubiri kuuona, gusa kwa mgongo wa mkono. Panakuwa na joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au rangi imekoza na ukibonyeza haibadiliki. Hapo kidonda cha kulalia kimeshapiga hodi ingawa ngozi haijachubuka.

Na mke nae. Kitanda kiko chini ya magoti yake, na yeye ndo anaemuogesha, anaembadilisha, anaemsafisha haja, anaemgeuza usiku. Mgongo ulishaanza kumuuma, akawa anajifunga kanga kiunoni kwa nguvu ndo apate kusimama. Akanivuta ukumbini akaniambia kwa sauti ya chini mumewe asisikie, "Daktari, mie nikianguka humu ndani hakuna wa kutupokea sote wawili." Hilo nililiandika kwenye daftari kama tatizo la kitabibu, sawa sawa na kifandugu, maana muuguzaji akivunjika mgongo na mgonjwa hana tena wa kumgeuza.

Sasa ndo kaka mkubwa wa mgonjwa, yuko Maskati, Oman, miaka mingi, mtu mwenye moyo, tokea ajali ilipotokea yeye ndo anaebeba karibu kila kitu. Alishaona kitanda dukani huko, cha rimoti, kichwa kinapanda, miguu inapanda, kina masaji, godoro nene la memori fomu, ile sponji inayobonyea kufuata umbo la mwili, upana wa watu wawili, na alishaanza kuulizia nafasi kwenye kontena. Alinitumia voisi noti ndefu, nami najua uchungu uliokuwemo ndani yake. "Daktari, mie sitaki ndugu yangu alale kwenye chuma cha spitali mpaka afe. Nataka alale kitandani kama watu." Nikamjibu, "Kaka, nia yako naiona na Mwenyezi Mungu akulipe, lakini naomba usilipe bado, nipe nafasi niipime siku ya ndugu yako kwanza." Akakubali ingawa sauti haikuridhika.

Kuipima siku ni hivi. Tukakaa barazani, mgonjwa kwenye kigari, mke wake, Bi mkubwa yani mama yake mgonjwa, na yule kijana, tukaifuata siku nzima kuanzia alfajiri mpaka alfajiri ya pili, kila pahala mwili wake unapobadilisha namna ya kukaa na nani anamshika. Kumgeuza usiku kila baada ya saa mbili hivi. Kusafishwa asubuhi. Kuvaa. Kutoka kwenda kwenye kigari. Udhu na sala. Kula. Kurudi kitandani mchana kupumzisha makalio. Kulala kifudifudi kidogo ili nyonga zisikaze. Tulipomaliza ikawa wazi kabisa, hata Bi mkubwa aliiona kabla yangu, akasema, "Mbona humu hamna pahala mwanangu anapohitaji kuinuliwa kichwa?"

Kweli hamna, na hapa ndipo familia nyingi zinapopotea, kwa sababu kitanda kinachouzwa kwa jina la kitanda cha mgonjwa kinatangazwa kwa kuinua kichwa. Ukirudi nyuma utaelewa kwa nini. Mpasuaji wa Marekani, George Fowler, alionesha kwamba mgonjwa mwenye usaha tumboni akiinuliwa upande wa kichwa uchafu unashuka chini kwenye nyonga badala ya kusambaa kwenda juu, na mpaka leo mkao ule wa nusu kuketi unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1909 mpasuaji mwengine wa huko huko, Willis Gatch, akaandika kuhusu kitanda chenye maungio alichokitengeneza, mgongo unainuka na magoti yanakunjwa ili mgonjwa asiteleze kwenda chini. Vitanda vyote vya leo vya kukunjika, vya hendeli na vya rimoti, kimsingi ni mtoto wa kitanda kile. Kuinua kichwa kulianza kwa ajili ya tumbo, alafu kukawafaa watu wa kifua, yule ambae moyo wake umechoka na akilala chali maji yanamjaa mapafuni mpaka analalia mito mitatu, alieugua kiharusi na chakula kinampita njia isiyo yake, mwenye mapafu mabovu, mwenye kiungulia kikali. Kwa watu hao kichwa kinachopanda ni dawa na mie mwenyewe ningewaambia wanunue hata leo.

Huyu wetu hana hata moja katika hayo. Na zaidi ya kuwa haimsaidii, inaweza kumuumiza, maana ukiinua mgongo zaidi ya nyuzi 30 hivi mwili unaanza kuteleza kuelekea miguuni, na kuteleza ndo kule kule kuburura nilikokwisha kusema, mzigo wote unakwenda kwenye kifandugu. Ukilazimika kuinua basi magoti yatangulie kupanda ndo mgongo ufuate, na wakati wa kushusha mgongo utangulie. Yeye mkao wa kuketi aupate kwenye kigari, sio kitandani.

Anachokihitaji ni kitanda kizima kiende juu na chini. Anapotoka, juu ya godoro pawe sawa na kigari, sentimita 55, ajivute mwenyewe kwa mikono yake. Anapouguzwa pawe juu, kwa mke wake mwenye kimo cha mita 1.55 ni kama 75 mpaka 80, ili afanye kazi amesimama na mgongo umenyooka. Hakuna namna ya kitanda kimoja kisichopanda kuwa 55 na 78. Mgongo ukunjike, magoti yakunjike, yote ni nyongeza. Kwa mtu mwenye mikono hai na miguu iliyokufa, kimo ndo kitanda.

Tukaanza kupima chaguo moja moja. Kile cha Maskati kwanza, na nataka nikitendee haki, maana watu walidhani nimekikataa kwa sababu ya umeme. Umeme haukuwa sababu kubwa. Wa Oman na wetu unalingana, plagi zao ni zile zile za pini tatu bapa kama zetu, na mota za vitanda hivi huwa zinafanya kazi kwa volti 24 tu baada ya kupita kwenye boksi lake, sio volti 230 zinazozunguka chini ya godoro. Pemba tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tokea 2010, unakatika, ndio, lakini vingi katika vitanda hivi vina kibetri cha kukiteremsha kikalala bapa umeme ukizimika. Kilichonikataza ni mambo mengine. Kimo chake hakibadiliki, chuma chake na godoro la sentimita karibu 28 juu yake vingefika kama 65, kwaiyo ni juu mno kwa kigari na chini mno kwa mke, kinakosea pande zote mbili. Upana wa watu wawili maana yake mke apande juu ya godoro kila akitaka kumfikia upande wa ukutani. Hakina vyuma vya pembeni vya kushikia. Na lile godoro nene linalomeza mwili, mtu mzima asie na ugonjwa analipenda, lakini kwa mtu anaejigeuza kwa mikono peke yake ni shimo la kutokea, tena linashika joto, na joto la hapa kwetu na jasho ni adui wa ngozi.

Chaguo la pili lilikuwa kitanda cha umeme cha spitali, mtumba wa Ulaya, Dar vinapatikana. Nikiri hapa msimamo wangu, kikipatikana kizima hicho ndo bora kuliko vyote, kinapanda chote, kinakunjika popote, kina betri yake. Tuliletewa video ya kimoja. Waya wa rimoti umefungwa gundi ya umeme, na muuzaji akawa anatuonesha rangi na maringi lakini kila tukimwomba akipandishe anasema umeme wa stoo umekatika. Kitanda cha umeme ambacho muuzaji hawezi kukipandisha mbele yako ukinunue kwa bei ya chuma chakavu au ukiache. Na vikitoka Marekani soma kibati chake kwanza, kule ni volti 120, ukikichomeka hapa bila ya transfoma umekiunguza. Kibati hicho hicho kinaandika uzito ambao kitanda kinabeba kwa salama, na uzito huo ni pamoja na godoro na kila kilichowekwa juu, sio mgonjwa peke yake.

Fundi seremala nae tulimfikiria. Kwa familia isiyo na uwezo fundi anaweza kuongeza matendegu mpaka kitanda kiwe sawa na kigari, na hilo peke yake linabadilisha maisha, nimeshaliona. Linamuacha mke ameinama tu, na hapa mgongo wa mke ulishakuwa mgonjwa wa pili.

Kikabaki cha hendeli tatu. Cha chuma, kipya, cha kuzungusha kwa mkono, hendeli ya kwanza mgongo, ya pili magoti, ya tatu kitanda kizima. Uangalifu unatakiwa hapo kwenye ya tatu, maduka mengi yana cha hendeli mbili na utaambiwa ni full kila kitu, na cha mbili hakipandi. Alafu suala ambalo muuzaji hajazoea kuulizwa, sio kinapanda mpaka wapi bali kinashuka mpaka wapi. Vingi vinaishia 50 na kitu bila ya godoro, ukiweka godoro umeshafika 65 na mgonjwa wako hatoki. Tulitafuta mpaka tukapata ambacho sehemu yake ya kuwekea godoro inashuka mpaka 43 na kupanda mpaka 73. Na godoro la sentimita 12 juu yake inakuwa 55 chini, 85 juu. Namba zilipokaa sawa nilifurahi kweli kweli.

Sasa vipi kumwambia kaka mkubwa kwamba zawadi yake siyo? Hapo maneno ya kitaalamu hayafai kitu, mtu anatoa kwa mapenzi na wewe unamjibu kwa sentimita. Kijana wa miaka 16 ndo aliefungua njia. Kulikuwa na benchi barazani, tukapanga mbao juu yake na blanketi lililokunjwa mpaka ikafika 55, fundi wa jirani akatupigia msasa kipande cha ubao kikawa laini pande zote, cha kutelezea. Nikamuelekeza mgonjwa, breki za kigari zifungwe, ubao mwisho mmoja chini ya paja na mwisho wa pili juu ya benchi, kichwa kiende mbele na upande wa pili wa makalio, mikono isukume, anyanyuke kidogo kidogo sio aburuzike. Akahangaika, jasho likamtoka, mama yake anasoma dua kimya kimya, alafu akawa amekaa juu ya benchi. Hakuna aliemshika. Ilikuwa mara ya kwanza tokea mkarafuu kujipeleka pahala mwenyewe. Kijana aliirekodi yote akaituma Maskati.

Kaka hakujibu mpaka usiku. Alipopiga aliongea na shemegi yake kwanza, alafu na mimi. "Nimeona," akasema. "Basi nunueni hicho cha hendeli. Lakini godoro na mto wa kigari mniachie mie." Na mke nae akamwambia, "Shemegi, ulichotupa ni kikubwa kuliko kitanda," na alikuwa anasema kweli, maana mto mzuri wa kigari na godoro vilikuwa na thamani kwa ngozi ya mtu huyu kuliko mota yoyote.

Godoro nalo lina mambo yake. Wazee wetu wamelalia sufi na usumba na wamezeeka salama, lakini sufi inafanya madonge na usumba ni mgumu, kwa mtu asiehisi donge moja chini ya nyonga usiku mmoja linatosha kufungua kidonda. La springi halikunjiki vizuri pale kitanda kinapokunjika. Kuna godoro la upepo la pampu, linajaa na kupungua kwa zamu, zuri sana kwa mtu asiegeuka kabisa, lakini linataka umeme saa 24 na likipungua usiku mtu amelala juu ya chuma, na kwa huyu anaeweza kujigeuza halikuwa lazima. Tulichukua sponji ngumu yenye uzito, sentimita 12, upana ule ule wa kitanda, na kava la kitambaa kinachovutika kisichopitisha maji, sio ile nailoni ngumu inayokaza na kunata. Kupima kama godoro bado zima ingiza kiganja chini yake pale kifandugu kilipo, mgonjwa akiwa amelala juu, ukiuhisi mfupa au ukiona kuna chini ya inchi moja ya sponji kati yako na yeye basi limekufa, badilisha. Na visigino visiguse godoro, mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu mpaka visigino vielee.

Vyuma vya pembeni mke alivitaka virefu vizibe kitanda kizima ili mume asianguke. Nikamuomba tuchukue vifupi, vya nusu. Kwa mumewe ni vya kujishikia ageuke, na virefu vingemziba njia ya kutokea kwenda kwenye kigari. Tena vyuma hivi vinaua, na hili sio la kutisha watu. Mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa kwenye vyuma vya vitanda kati ya 1985 na mwanzo wa 2009, na 480 kati yao walikufa, wengi wakiwa wazee na wanyonge. Kipimo wanachoelekeza ni kwamba uwazi ndani ya chuma na kati ya chuma na godoro uwe chini ya milimita 120 ili kichwa kisipite. Pima kwa futi kamba kabla ya kulipa, na ukibadilisha godoro pima tena.

Chumba chao ni futi 12 kwa 12 na hapa palikuwa na jambo zuri. Makka na Pemba ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Tukaweka mchago kwenye ukuta wa kusini, miguu kaskazini, kwaiyo siku ambayo hali si nzuri hatoki kitandani, wanainua mgongo, na uso wake umeelekea kibla bila ya kuhamisha kitu. Bi mkubwa aliingia wasiwasi miguu kuelekezwa kibla, mwalimu wa msikitini akamtuliza kwamba mgonjwa ana hukumu zake. Miguuni pakabaki mita moja na nusu, nafasi ya mtu kuchutama na kuzungusha hendeli na kigari kugeuka.

Likabaki lile ambalo hakuna aliethubutu kulisema mbele ya watu, na mie nililisema kwa sababu nimeona ndoa nyingi zikiumia hapo. Kitanda cha spitali ni cha mtu mmoja. Mke na mume walioishi pamoja miaka 18 wanatengwa na chuma bila ya mtu kuwauliza, mmoja kitandani, mwengine mkekani chini, na watu wanaona ndo uuguzaji wenyewe. Nikamuuliza mke peke yake anataka nini. Akanyamaza, alafu akasema anataka kulala pale alipokuwa akilala. Basi fundi akatengeneza kitanda chembamba cha mbao, futi mbili na nusu, kimo kile kile cha 55 juu ya godoro, kinakaa ubavuni kwa kitanda cha chuma upande usio na kigari. Usiku kitanda cha mgonjwa kinashushwa mpaka chini kabisa, chuma cha upande ule kinalazwa, vitanda vinafungwa kwa mikanda miwili visiachane maana uwazi katikati ni hatari ile ile ya kunasa, na magodoro yanakuwa sawa sawa. Akitaka kumgeuza mumewe ni kunyoosha mkono tu, hainuki. Kitakizo cha nakshi cha kitanda cha harusi fundi alikipigilia ukutani nyuma ya michago yote miwili.

Chandarua kilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Kile cha zamani kilikuwa kinafungwa kwenye miti minne ya kitanda, kitanda kikipanda chandarua kinachomoka na kikinaswa kwenye chuma kinachanika. Tukatundika kikubwa cha duara kwenye dari, kirefu, chenye mlegeo wa kutosha kitanda kikiwa juu kabisa.

Kusafirisha sitasema sana. Kilikuja kwa meli kikateremka bandari ya Mkoani, vipande vipande, kirikuu mpaka mlangoni, vijana wa mtaa wakakiingiza. Kabla ya kukifunga tulihesabu bolti na kupaka grisi skrubu zote tatu za hendeli, hewa yetu ya chumvi inakula chuma upesi, na skrubu ikishika kutu hendeli ya kimo ndo ya kwanza kugoma.

Miezi imepita. Kifandugu kimerudi rangi yake na ulaini wake. Mchana anatoka kitandani mwenyewe kwa ubao wake, mke anakaa karibu tu wala hamshiki, na anakwenda barazani kuchambua karafuu na wenziwe, kazi ya mikono anayoiweza. Mke bado anafunga kanga kiunoni lakini anasema sasa ni mazoea. Mazuri sio yote, hendeli ya tatu ni nzito, mizunguko mingi mpaka ifike juu, asubuhi kijana anaizungusha kabla ya kwenda skuli na siku hayupo mke anafanya nusu nusu, kwa nyumba isiyo na kijana ningefikiri tena habari ya mota. Watoto wadogo walijigonga kwenye hendeli zilizoachwa nje, sasa kila mtu anajua zikunjwe ndani baada ya kutumika. Na sakafu yao ya saruji laini iliyafanya maringi yateleze hata breki zikiwa zimefungwa, vipande vya mpira wa tairi chini ya maringi manne vimeizuia.

Kaka aliomba atumiwe picha ya chumba, akatumiwa. Anachouliza sasa kila akipiga ni choo, kwa sababu kigari kina upana wa sentimita 66 na mlango wa choo una 62, na ndugu yake bado anabebwa kuingia humo. Fundi ameshakuja kupima ukuta, tunasubiri saruji.